Siku Tisa za Kumtunza Bamayo

Jumatatu, 7 Julai 2025. Mpemba, karibu na Tunduma.

Sabasaba. Nchi nzima imepumzika, mimi nimepata kazi.

Mjomba Ambwene kaondoka asubuhi kwenda Mbeya kutolewa mtoto wa jicho. Macho yote mawili. Anarudi Jumatano ya wiki ijayo. Mpaka hapo mimi ndiye mtunzaji wa Bamayo.

Bamayo ni treni. Treni kweli, sio zile za betri. Ni kichwa cha treni ya mvuke kama za zamani, ila kidogo: urefu kama kitanda cha mtoto, kimo kinanifika gotini. Unawasha moto tumboni mwake, maji yanachemka, mvuke unasukuma magurudumu, anapiga filimbi, anatembea. Nyuma anavuta kitoroli cha kukalia watu watatu, mkikunja magoti. Mjomba alipokuwa kijana, fundi wa karakana huko Kabwe kwa Wazambia, bosi wake alikuwa anaichonga kila Jumamosi kwa kufuata picha ya treni za enzi za babu zake. Bosi akazeeka, akarudi kwao, akamwachia Mjomba chasisi na magurudumu mawili. Mjomba akamalizia. Miaka kumi na tisa. Kila nati kaitengeneza kwa mkono wake. Akaiita Bamayo, ndio Kibemba cha mama, kwa sababu anasema ukimkosea heshima anakuunguza.

Watoto wa Mjomba wako Dar na Bamayo hawamtaki. Mimi namtaka. Mjomba anajua. Ndio maana kaniambia wazi: akirudi, kitu cha kwanza anachotaka kukiona kwa macho mapya ni Bamayo. Sio shangazi mkewe, sio mimi. Akimkuta safi, ananifundisha kuendesha. Akimkuta hovyo, anampigia simu jamaa wa Kitwe anayetaka kumnunua siku nyingi, na mimi nibaki na mablanketi yangu ya magendo ya mpakani.

Masharti matatu. Asiwashwe. Asitoke bandani. Na maji ya kisima yasimwingie hata siku moja, ni ya mvua tu, kwa sababu ya kisima yanaziba mabomba. Kila siku nifute vumbi na niandike kwenye daftari. Kanipa madaftari mawili, moja la akiba. La akiba ndio hili ninaloandikia. Mtu akiachiwa jukumu lazima awe na mahali pa kusemea.

Daftari la Mjomba, leo: "Nimefuta vumbi. Hali nzuri."

Jumanne, 8 Julai

Nimefuta vumbi kweli. Saa nzima. Shaba ya mgongoni inang'aa mpaka nimeona ndevu zangu. Nimenyolea hapo hapo.

Sadock kapita. Sadock ni jirani yangu, ana puto la kurukia watoto, lile kubwa lenye sura ya jumba na simba wawili, linajazwa na mashine ya upepo. Jana alilipeleka stendi, watoto wakapanga foleni kama malori ya boda ya Tunduma. Leo kaniuliza kama bado nahangaika na mablanketi. Nikasema hapana, siku hizi niko kwenye usafiri wa reli. Akacheka akashika ukuta. Akasema reli yenyewe hatua thelathini, inaanzia chooni inaishia kwenye banda la kuku. Ni kweli ndivyo ilivyo, lakini mtu mstaarabu haisemi.

Halafu kanipasha habari. Jumapili ni Sikukuu ya Mavuno kanisani kwetu. Ameshapewa ruhusa kuweka puto nje, ibada ikiisha. Watoto wote wa Mpemba.

Hapo kichwa kikaanza kuchemka.

Asiwashwe. Sawa, hatawashwa. Maji ya kisima. Sawa, hatakunywa chochote. Asitoke bandani. Hapa ndipo pa kufikiria. Banda ni nini? Ni kitu chenye paa. Kanisa lina paa.

Nikamweleza Restuta, mke wangu. Akaendelea kuchambua maharage. Baadaye sana akasema, "Gibson, ukianza kuuliza banda ni nini, mimi najua tumekwisha."

Daftari la Mjomba: "Nimefuta vumbi. Hali nzuri."

Alhamisi, 10 Julai

Nimeenda kwa Mzee Eliakim. Ndiye mzee wa kanisa anayesimamia Mavuno, na ndiye anayepiga mnada. Kila mwaka ni vilevile: watu wanaleta walichovuna, mahindi, kahawa, maboga, kuku, vinapangwa mbele ya meza ya Bwana, mchungaji anaviombea, halafu vinatolewa nje vinapigwa mnada. Hakuna mahali Mpemba hii panatazamwa kama pale mbele siku ile. Mtu unakaa masaa matatu, utatazama nini kingine.

Nikamwambia Mzee Eliakim ningependa kumweka Bamayo pale, katikati. Akauliza kama ni mavuno. Nikasema ni kazi ya mikono. Akasema kazi ya mikono inakubalika, mwaka jana seremala alileta stuli. Akauliza ni ya nani. Nikasema ya familia. Akauliza kama familia imeridhia. Nikasema familia ni mimi, kwa wiki hii.

Akaandika kwenye karatasi yake, muda mrefu. Halafu akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Macho yana maji. Akasema, "Gibson, mdogo wangu, kusema kweli wewe sikukutegemea."

Sikuelewa, ila kusifiwa ni kusifiwa.

Mchongo uko hivi: Jumapili watu wanamwona bure, wanatoka wamechanganyikiwa. Jioni namrudisha bandani. Mjomba anarudi, ananifundisha. Kuanzia hapo kila sherehe wanamtaka Gibson na treni yake. Puto la Sadock linaishiwa pumzi lenyewe.

Daftari la Mjomba: "Nimefuta vumbi. Hali nzuri."

Jumapili, 13 Julai

Naanza na mazuri.

Vijana wanne wa kwaya walinisaidia kumtoa kwenye guta la magurudumu matatu na kumpeleka mbele. Nikampamba. Mahindi ubavuni, boga mgongoni, kitoroli nimekijaza kahawa ya Mzee Eliakim mwenyewe. Amekaa katikati kama bibi harusi. Sadock yuko benchi la nyuma na shati lake la kijani. Nilimwona anameza mate.

Mchungaji akaomba. Akataja mahindi, akataja kahawa, akataja kuku, akataja "gari moshi la ndugu yetu Gibson". Akaomba Bwana avipokee vyote. Nikaitikia amina kuliko wenzangu wote.

Mazuri yameishia hapo.

Nje, nimesimama na guta nasubiri kupakia. Naona wale vijana wanne wamembeba Bamayo wanakuja, wananifikia, wananipita. Wanamweka mezani kwa Mzee Eliakim, kati ya jogoo na mkungu wa ndizi. Nikawaambia jamani, guta liko huku. Mmoja akasema, "Kaka, mnada uko huku."

Nikamnong'oneza Mzee Eliakim kwamba hapo hatujaelewana kidogo. Treni ililetwa itazamwe. Akasema na imetazamwa. Nikasema sio yangu, ni ya Mjomba Ambwene. Akasema basi baraka zitamfuata hukohuko hospitali. Nikasema naomba irudi. Akanitazama kwa huruma, akanieleza taratibu kama mtoto wa kipaimara: kilichowekwa mbele ya meza ya Bwana kikaombewa hakirudi nyumbani vivi hivi. Kinapita mnadani. Hata yeye mwaka fulani alivua koti kwa joto, akalitupia juu ya maboga kwa kujisahau, likaombewa, ikabidi alinunue. Koti lake mwenyewe. Alikuwa amelivaa na leo, akanionyesha.

Jogoo akauzwa. Ikafuata treni.

Nikafungua bei mimi. Sadock akapandisha. Nikapandisha. Sadock akapandisha, na hatazami treni, ananitazama mimi. Akatangaza watu wote wasikie kwamba anamtaka kwa urembo, amfunge kwenye mlango wa puto lake. Hela ikaniishia, nikaweka saa yangu. Sadock akaweka redio. Nikaweka mablanketi yote. Restuta akanivuta shati. Nikaweka mtungi wa gesi. Restuta akaliachia shati, akaondoka.

Hapo sauti ikatoka nyuma kabisa. Haikupazwa. Ilisema, "Dume."

Tukageuka. Bugalama, Msukuma mfugaji wa huko bondeni Momba. Mrefu, kofia pana, fimbo kailaza mabegani. Akileta ng'ombe kuuza hapiti mnada wetu bila kununua kuku. Mzee Eliakim akauliza dume la nini. Bugalama akasema la ng'ombe, lipo pale barabarani na wenzake, wachague lenye pembe wanazozitaka.

Hakuna aliyepandisha. Sadock alichukua redio yake taratibu.

Saa kumi Bamayo kaondoka juu ya fuso, kitoroli kando yake, na boga bado liko mgongoni.

Daftari la Mjomba: "Nimefuta vumbi. Hali nzuri. Ameombewa."

Jumatatu, 14 Julai

Restuta hajaongea tangu mtungi wa gesi.

Mjomba kapiga simu. Bandeji zimetolewa. Anasema anaona mpaka chunusi za nesi. Akauliza Bamayo anaendeleaje. Nikasema yupo kwenye hewa safi. Akasema vizuri, Jumatano mchana atakuwa amefika, na nisimfunike turubai, anataka akifungua mlango wa banda tu amwone.

Nimekaa juu ya ndoo nikafikiria. Mpango wa kwanza: fundi wa madebe achukue pipa, bomba la jiko na magurudumu ya toroli, tupake rangi nyeusi, tusimamishe bandani kwa mbali kidogo, mlango nusu. Mtu ametoka kutibiwa macho, atajuaje ni macho au ni pipa. Nikamweleza Restuta. Akafungua mdomo kwa mara ya kwanza: "Mjomba amepeleka macho hospitali, Gibson. Akili kabaki nayo."

Mpango wa pili ni bora. Bugalama ana kichwa na kitoroli. Reli hana. Reli ziko hapa kwa Mjomba, zimefungwa kwa bolti vipande vipande. Treni bila reli ni jiko tu, kwa hiyo mwenye reli ana cha kuzungumza. Nikazing'oa zote, kutoka chooni mpaka kwa kuku, nikapakia guta. Makaa ya mawe Mjomba kafungia chumbani. Nikachota maji ya mvua kwenye tangi lake, madumu mawili, kama itabidi awashwe. Moja halina kifuniko, nikaziba na gunzi la mahindi.

Gunzi lilichomoka kwenye mteremko wa kushukia bondeni. Sikujua mpaka nilipoona bodaboda wa nyuma analalamika kanyeshewa mwezi wa saba.

Nimefika jioni. Bamayo yuko katikati ya boma, mbuzi amelala kwenye kitoroli. Bugalama kanikaribisha ugali na maziwa mgando, hakuniuliza kilichonileta. Nikaanza mwenyewe. Nikamwambia ile treni ni hatari, iliwahi kumlipukia mtu. Akatafuna. Nikamwambia ina laana ya Wabemba. Akatafuna. Nikaishiwa, nikamwambia ukweli: ya Mjomba, macho, Jumatano.

Bugalama akasema yeye chuma hakihitaji. Amekinunua kwa ajili ya mama yake.

Nikaelezwa na mama mwenyewe, wote wanamwita Bibi, hana meno mengi ila maneno yapo. Marehemu mume wake alikuwa na wake wawili. Walipohama Shinyanga na ng'ombe, zamani hizo, nauli ya treni ya Tabora hadi Mpanda ilitosha mke mmoja. Mdogo akapanda, yeye na masufuria. Bibi, mke mkubwa, akaja kwa miguu nyuma ya ng'ombe. Miezi miwili. Wakaishi boma moja miaka arobaini, na hakuna siku yule mdogo aliacha kusema "mimi nilipokuwa kwenye treni". Ugali ukiungua, kwenye treni haukuungua. Mvua ikinyesha, kwenye treni kuna dirisha. Amekufa mwaka juzi, amezikwa pale penye minyaa. Bibi anasema kibaya sio kufa kwake. Kibaya kaondoka hajajibiwa.

Bugalama akasema: mpandishe mama yangu, halafu chukua chuma chako. Nikauliza na dume je? Akasema dume limeshakwenda kwa Mungu, atamdaije.

Treni sijawahi kuiendesha. Sikuona sababu ya kulitaja hilo.

Daftari la Mjomba nimeliacha nyumbani. Nitalijaza nikirudi.

Jumanne, 15 Julai

Tumetandika reli asubuhi. Bibi alisimamia mwenyewe na fimbo. Mimi nilitaka kando ya zizi, pamenyooka. Akakataa. Akataka ipite penye minyaa, mbele ya kaburi la mwenzie. Nikasema pana mteremko. Akasema hata kwenda Mpanda kulikuwa na mteremko, na mwenzie aliumaliza akiwa amekaa.

Moto nimewasha kwa magunzi. Magunzi yanawaka vizuri, asikudanganye mtu, ila cheche zake ni kama harusi ya Mhindi. Maji ya mvua yakafika nusu ya kioo cha kupimia, basi. Mjomba huwa anajaza zaidi. Nikatazama huku na huku. Birika la ng'ombe lilikuwa karibu. Nikakumbuka sharti. Nikajiambia sharti linasema kisima, hili ni birika. Na ng'ombe wanakunywa kila siku, hawajaziba. Nikajazia.

Mshale wa presha ukapanda. Watu wamejaa, majirani, watoto, mtu kaja na kiti chake. Nikapiga filimbi.

Ng'ombe wote walikuwa zizini. Walivunja upande wa magharibi wakaondoka kama wamekumbuka kitu Shinyanga. Vijana wakawakimbilia. Bugalama hakugeuka hata shingo. Alikuwa anamtazama mama yake.

Bibi katoka ndani. Kitenge kipya, viatu, sufuria mkononi. Nikauliza sufuria ya nini. Akasema mwenzie alipanda na masufuria. Akakaa kwenye kitoroli, miguu huku na huku, sufuria mapajani. Mimi mbele yake. Nikashika mkono wa kufungulia mvuke, nikaomba kwa ile imani yote niliyokosa Jumapili.

Akaenda. Bamayo kaenda! Chu, chu, chu, mwenyewe, na mimi juu yake.

Hatua kumi za raha. Halafu lile tope la birika likaamua halitaki kukaa tumboni. Likaanza kutoka kwa bomba la juu pamoja na moshi, maji ya kahawia, ya moto kidogo, yanaruka juu yanashuka kwa watu. Shati jeupe la Bugalama likawa la madoa. Mwenye kiti akakimbia na kiti. Nikageuka kumwangalia Bibi. Alikuwa amevaa sufuria kichwani, kakaa wima, hana wasiwasi.

Tulipokaribia minyaa akanigonga mgongoni, simama hapa. Nikafunga mvuke. Lakini mteremko haukufunga. Tukapita kaburi mbio. Bibi akapata nafasi ya sentensi moja ya Kisukuma, akaitupa pale kwa sauti yake yote. Halafu reli ikaisha, na Bamayo akaingia kwenye lundo la mbolea, polepole, kama mtu anayeingia kitandani.

Nikamsikia Bibi nyuma yangu anavua sufuria. Akasema, "Tena."

Tumerudia mara nne. Mara ya nne nilishajua kusimama. Tulisimama palepale kaburini, nikampigia filimbi mbili, alizitaka ndefu.

Jioni nikamuuliza Bugalama mama alimwambia nini marehemu. Akanitafsiria. Alisema: "Nakupita hivi, nami nimekaa."

Wametusaidia kupakia. Bugalama katoa neno moja tu, kwamba kila mwaka baada ya mavuno treni irudi kwa Bibi. Nikamwahidi hapo hapo, kwa mkono. Boga wamelirudisha pia, limepikwa.

Nimefika nyumbani usiku, nikajaza siku mbili za daftari kwa pamoja: "Nimefuta vumbi. Hali nzuri." Na ya leo: "Nimefuta vumbi. Lilikuwa jingi."

Jumatano, 16 Julai

Restuta kanisaidia kurudisha reli. Sikumwomba. Alishika spana namba kumi na tatu, mimi nakaza upande wa pili. Nikamsimulia Bibi na sufuria. Akajikaza mpaka banda la kuku, hapo akashindwa, akakaa chini akacheka. Akasema mtungi wa gesi alishauficha kwa mama yake tangu Jumapili. Huyu mwanamke.

Nimemwosha Bamayo kwa mswaki. Saa nane mchana akawa anang'aa.

Mjomba kafika na miwani myeusi. Kafungua mlango wa banda mwenyewe. Kasimama. Kavua miwani. Na mimi nikaona nimeshinda.

Akaomba daftari. Miaka mitatu tulikuwa tunamsomea. Leo alisoma mwenyewe, kwa sauti, kila mstari, kidole kikifuata. Nimefuta vumbi, hali nzuri. Nimefuta vumbi, hali nzuri. Akafika kwenye "ameombewa", akasimama, akaendelea.

Halafu akafungua mlango wa moto, akaingiza vidole viwili, akatoa gunzi.

Akauliza kama siku hizi vumbi linafutwa na gunzi. Nikasema inategemea vumbi. Akafungua koki ya chini. Yakatoka maji ya kahawia, yana harufu ya zizi. Akauliza huyu mama amekunywa wapi.

Nikamwambia yote. Meza ya Bwana, jogoo, Sadock na redio. Nilipofika kwa Bugalama akaniomba nirudie.

"Dume?"

"Dume, Mjomba."

"Zima?"

"Zima, la pembe. Hakuna aliyepandisha."

Miaka kumi na tisa shangazi alikuwa anaita kile kitu makopo. Akaniambia jioni, akiwepo shangazi, nirudie tena hapo pa dume.

Nikamwambia na Bibi. Akauliza alisemaje. Nikamwambia maneno yenyewe. Mjomba akaelekea mlangoni, akatazama juu kwa muda. Nesi amemkataza kufuta macho.

Hukumu: Bamayo asafishwe tumbo kwa maji ya mvua, madumu ishirini, ninayabeba mimi. Mwezi wa saba. Tangi likiisha nijue nitakapopata mvua. Jamaa wa Kitwe hapigiwi. Kwa Bibi mwakani tunakwenda wote wawili, ahadi ni ahadi, ila Mjomba mwenyewe ndiye atakayeshika maji. Na mafunzo yataanza tumbo likiwa safi. Mpaka siku hiyo ule mkono wa kufungulia mvuke kaufungua, kautia mfukoni. Bila huo Bamayo haendi popote.

Nimekubali yote. Nimeapa kabisa.

Jumapili, 20 Julai

Dumu la kumi na nne leo. Mgongo umekufa, moyo uko freshi.

Kanisani wametangaza lile dume limetoa mabati ya upande mzima wa paa. Watu wakanigeukia kunitazama. Mzee Eliakim kanishika mkono tena kwa mikono miwili. Sadock kanisalimia kwa jina, akaniuliza, kwa adabu, kama treni inaweza kufanya kazi pamoja na puto. Nikamwambia nitaangalia ratiba.

Halafu Mzee Eliakim kanialika harusi. Binti yake Jenista anaolewa Jumamosi, kwenye ukumbi wa karibu na stendi. Nusu ya Tunduma itakuwepo, na Wazambia.

Sikupanga kufikiria. Imekuja yenyewe. Jumamosi Mjomba anarudi Mbeya kuangaliwa macho, anashinda huko kutwa. Tumbo la Bamayo litakuwa limeshakuwa safi. Na jana, nikiwa nasugua, nimegundua pale alipotoa ule mkono wa mvuke spana namba kumi na tatu inakaa sawasawa, kama imetengenezewa.

Nimeenda kuuona ukumbi. Una paa.

Nikamuuliza msimamizi ni wapi ambapo kila mgeni lazima atapita na kutazama. Akanionyesha mbele, kuna meza ndefu wanaitandika kitambaa cheupe. Anasema hapo watu wote wanapita mmoja mmoja wakicheza, ndipo wanapoweka zawadi za maharusi.

Safi sana. Nitamweka hapohapo, katikati. Nitamfunga na utepe.

Daftari la Mjomba nimeshalijazia la Jumamosi, nisije nikasahau: "Nimefuta vumbi. Hali nzuri."